Boti ya Kuzunguka Dunia kwa Hesabu ya Ng'ombe

Huku Busawe, wilayani Serengeti, mtu akikwambia kitu kinauzwa yuro milioni 5, hajakwambia lolote. Akikwambia ni ng'ombe 15,000, unatafuta pa kukaa. Basi hesabu zote za makala haya nitazipiga kwa ng'ombe: ng'ombe wa wastani wa mnadani kwa shilingi milioni moja, dola kwa shilingi 2,600, yuro kwa 3,000 na pauni kwa 3,400. Viwango hupanda na kushuka, na bei za boti nitakazotaja ni za kukisia sokoni, lakini uwiano wenyewe haubadiliki sana.

Kinachonunuliwa ni boti ya tanga ya mtu mmoja, ya kuzunguka dunia bila kutia nanga bandarini: unashuka Atlantiki, unapita Rasi ya Tumaini Jema, unaikata Bahari ya Kusini chini ya Australia, unapita Rasi ya Horn, unarudi ulikotoka. Mashindano ya namna hiyo yanayojulikana zaidi ni mawili, na yote siku hizi huanzia Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kila baada ya miaka minne. Vendée Globe lilianza mwaka 1989 na ni la boti za kisasa kabisa. Golden Globe lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1968, likafufuliwa mwaka 2018, na kwa makusudi ni la kizamani: hakuna GPS, ni ramani za karatasi na kupima jua.

Hapo ndipo mnunuzi anapochagua kwanza, na tofauti ya bei inatisha. Boti mpya ya Vendée Globe, ya daraja la IMOCA, ina urefu wa futi 60, mwili wa nyuzi za kaboni, na mabawa ya pembeni yanayoiinua juu ya maji ikishika kasi. Mpya hugharimu zaidi ya yuro milioni 5, yaani hao ng'ombe 15,000, kabla hujamlipa fundi wala kununua tanga la akiba. Charlie Dalin alishinda Januari 2025 kwa siku 64 na saa 19, na zawadi ya mshindi ilikuwa yuro 200,000: ng'ombe 600. Kwa mfugaji yeyote hiyo ni biashara ya hasara, na ndiyo maana boti hizo hubeba majina ya wenye pesa. Ya Dalin iliitwa Macif Santé Prévoyance, kwa jina la kampuni ya bima ya Ufaransa. Kama huna kampuni ya bima nyuma yako, ruka ukurasa huo.

Golden Globe linataka boti ya faiba yenye urefu wa futi 32 hadi 36, mkuku mrefu, iliyobuniwa kabla ya mwaka 1988 na kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Mfano unaopendwa ni Rustler 36 ya Uingereza. Iliyotumika, yenye hali nzuri, wauzaji huanzia kama pauni 60,000, na hizo ni ng'ombe 200 na ushei. Bado ni mahari ya ukoo mzima, ila angalau ni hesabu ambayo akili inaishika. Jean-Luc Van Den Heede alishinda kwa boti hiyo mashindano ya 2018 kwa siku 212, na Abhilash Tomy wa India, akifadhiliwa na kampuni ya Abu Dhabi, akashika nafasi ya pili kwa boti ya aina hiyo hiyo katika mashindano yaliyofuata.

Mshindi wa hayo ya pili ndiye anayetuhusu zaidi. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini aliingia bandarini tarehe 27 Aprili 2023 na boti yake Minnehaha ya futi 36, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kuzunguka dunia peke yake. Hakununua boti mpya. Alichukua ya zamani, akaipeleka kisiwa cha Prince Edward, Kanada, akakaa na mafundi karibu mwaka mzima wakiifungua na kuifunga upya. Atakayenunua boti ya miaka 40 aweke hilo akilini: bei ya boti ni nusu ya safari ya fedha. Nusu nyingine huliwa na matengenezo, na mara nyingi nusu hiyo ya pili hunenepa kuliko ya kwanza.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusichonge yetu? Mbao tunazo, mvule na mninga, na mafundi wa jahazi wapo Pemba, Lamu na Bagamoyo. Swali ni zuri, na historia inalipa uzito. Boti pekee iliyomaliza Golden Globe la kwanza, kati ya tisa zilizoanza, ilichongwa kwenye pwani ya Bahari yetu hii ya Hindi. Suhaili ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji, na mafundi waliotumia tezo na zana za mkono. Mwenyewe, Robin Knox-Johnston, aliitoa Falmouth tarehe 14 Juni 1968, akarudi tarehe 22 Aprili 1969.

Lakini ubao una gharama yake, nayo hailipwi dukani. Mapema katika safari, Suhaili ilikuwa ikivuja karibu na mlingoti mkubwa, pande zote mbili, chini kabisa ambako mkono haufiki ukiwa ndani. Knox-Johnston alisubiri shwari, akaruka baharini, akajaribu kupiga kalafati kama fundi yeyote wa pwani: nyuzi za pamba zikisukumwa ufani kwa nyundo. Chini ya maji nyuzi zilikuwa zikitoka kabla hajapigilia za pili. Akapanda juu, akashona ile pamba kwenye kipande kirefu cha turubai, akakipaka lami, akashuka nacho na kukipigilia juu ya ufa kwa misumari midogo ya shaba. Baadaye akaongeza bamba la shaba juu yake. Katikati ya kazi alikuja papa, na papa yule alipigwa risasi. Siku hizi sidhani kama bima ingekubali.

Boti ya faiba haina ufa wa kupigiwa kalafati. Kwa hiyo, pamoja na mapenzi yangu yote kwa ubao, mnunuzi wa ng'ombe 200 achukue faiba. Sheria za Golden Globe nazo zinamsukuma huko huko, maana boti iliyochongwa moja tu Lamu haimo katika orodha ya zilizokubaliwa, ingawa mwaka 2018 nakala za Suhaili ziliruhusiwa.

Sasa vitu vya kununua, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mtu mwenye haraka hukimbilia matanga mapya. Mimi ningeanza na usukani.

Mtu peke yake hawezi kushika usukani usiku na mchana kwa miezi minane. Katika Vendée Globe kazi hiyo hufanywa na mtambo wa umeme. Katika Golden Globe hufanywa na chombo cha chuma kinachofungwa tezi, yaani nyuma ya boti, chenye kibawa kinachofuata upepo na kuugeuza usukani wenyewe. Kipya kizuri ni dola 5,000 hadi 8,000, tuseme ng'ombe 13 hadi 21. Simon Curwen wa Uingereza alikuwa akiongoza mashindano ya 2022 alipokaribia Rasi ya Horn, chombo hicho kikavunjika. Ilibidi atie nanga Chile akitengeneze, na kwa kanuni anayesimama mara moja huhamishiwa daraja la pili. Alirudi Ufaransa wa kwanza kuvuka mstari, na hakuwa mshindi. Kwa hiyo usinunue kimoja. Nunua kimoja na vipuri vyote vinavyoweza kuvunjika, au nunua viwili, hata kama inakulazimu kuuza tanga moja.

Cha pili ni chini ya boti. Huku bara hatulioni tatizo la hapo, kwa sababu Ziwa Victoria ni la maji baridi, na mitumbwi ya Musoma huvutwa ufukweni mara kwa mara. Wavuvi wa pwani wanalijua: maji ya chumvi yakikaa na ubao bila kuguswa, wanyama wadogo wenye magamba hujishika chini na boti huanza kuburuta kama imefungwa jiwe. Dawa ya wazee ni deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, na jahazi hupandishwa maji yakitoka, likakwanguliwa na kupakwa upya. Katika mashindano hakuna kupandisha. Mwaka 2018, Tapio Lehtinen wa Finland alitumia siku 322, zaidi ya mia moja nyuma ya mshindi, na sababu kubwa ilikuwa wanyama hao. Hapa rangi yenye shaba nyingi, bei ya juu kabisa dukani, ndiyo nafuu. Tofauti ya rangi ya bei ya chini na ya bei ya juu kwa boti ya futi 36 haizidi ng'ombe mmoja au wawili. Anayeokoa ng'ombe huyo atamlipa kwa siku mia.

Waya za mlingoti: dola 8,000 hivi, ng'ombe 20 na ushei, na hapa hakuna ujanja. Badilisha zote, hata zinazong'aa. Mwaka 2018 boti ya Van Den Heede ilipinduliwa na wimbi katika Bahari ya Kusini, waya zikalegea pale zinaposhikana na mlingoti, akapanda juu mwenyewe kuzifunga. Alikuwa na umri wa miaka 73. Kama mlingoti ungekuwa umechoka, habari yake ingekuwa nyingine.

Matanga yamegawanyika pande mbili: kitambaa cha kawaida cha poliesta, na cha kisasa kilichogandishwa kwa tabaka. Cha pili ni chepesi na hushika umbo lake vizuri, lakini kikichanika huwezi kukishona kwa sindano na mkono uliokufa ganzi kwa baridi. Poliesta nzito unaishona. Seti kamili pamoja na tanga dogo la dhoruba ni kama dola 20,000, ng'ombe 50 na ushei. Ningenunua poliesta bila kusita, na roli kubwa la kitambaa cha viraka.

Vifaa vya kuokoa maisha ndiyo bidhaa ya bei rahisi kuliko zote ukilinganisha na kinachouzwa. Redio ya dharura inayoita satelaiti: ng'ombe mmoja na nusu. Rafti ya kujipuliza: ng'ombe 8 au zaidi kidogo. Novemba 2022, boti ya Lehtinen yule yule ilizama kusini mwa Afrika kwa dakika chache tu. Akaingia kwenye rafti, redio ikaita, na aliyegeuza boti kwenda kumtoa alikuwa Neuschäfer, ambaye baadaye alirudishiwa saa zake alizopoteza. Kwenye Ziwa Victoria, wenye boti bado hubishana na wakaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, juu ya bei ya jaketi la kuokolea.

Maji na chakula havina bei ya kutisha, vina uzito. Lita 4 kwa siku kwa siku 240 ni lita 960, yaani madumu 48 ya lita ishirini. Hakuna anayebeba yote. Boti za Vendée Globe zina mashine za kuondoa chumvi. Za Golden Globe hukinga mvua kwenye tanga na kuielekeza kwenye matangi. Knox-Johnston matangi yake yaliharibika, akaishi kwa mvua. Gawa matangi: bora manne madogo kuliko moja kubwa, hata kama fundi atakutoza zaidi. Unga, nusu kilo kwa siku, ni kilo 120, gunia moja na ushei. Ila sina hakika kama ugali ni chakula cha Bahari ya Kusini. Jiko la boti huning'inia likiyumba, na kusonga unataka miguu miwili iliyotulia. Mchele, maharage yaliyochemshwa na kukaushwa, na dagaa wakavu wa Musoma wanaotaka moto kidogo, hivyo ningevipakia kwa magunia, na bei yake ni aibu kuitaja mbele ya hesabu ya matanga.

Jumlisha sasa upande wa Golden Globe: boti 200, usukani wa upepo na vipuri 25, waya 20, matanga 50, vifaa vya dharura 10, rangi, kamba, nanga, jiko, ramani na ada, na mafundi wa mwaka mzima. Uko kwenye ng'ombe 400 hadi 450 bila kupanda ndege. Kwa fedha hiyo, upande wa Vendée Globe ungepata boti kuukuu iliyopita mikononi mwa watu wengi, na bado ungehitaji timu ya kuitunza.

Kuna gharama moja ambayo muuzaji hakutajii, nayo ni maili. Golden Globe humtaka mwombaji awe amesafiri bahari kuu maili 8,000 na nyingine 2,000 akiwa peke yake. Ukizinunua kwenye shule za Ulaya zitakula zizi. Neuschäfer hakuzinunua: aliishi kwa kupeleka boti za watu kutoka bandari moja hadi nyingine, na wenye boti ndio waliomlipa. Boti za namna hiyo hupita mwambao wetu kila msimu, na nahodha huwa na nafasi ya mtu anayejua kufunga fundo na kuamka saa nane usiku bila kunung'unika. Klabu ya boti ya Dar es Salaam ipo Msasani, na Mombasa na Kilifi nako boti hutia nanga. Kutoka Mugumu, mji mkuu wa wilaya yetu, hadi Dar ni nauli ya basi, haifiki hata bei ya mbuzi. Ningemshauri kijana wa Busawe mwenye wazimu huu aanzie hapo, na ng'ombe wabaki zizini kwanza hadi amalize hizo maili 8,000 na bado anataka kwenda.