Asali Haifiki kwenye Lenzi

Kila niwashapo kifaa cha kuchungulia jicho huulizwa swali lile lile, nalo huulizwa hata na watu wasomi: "Daktari, mwanga huo utaniyeyushia mtoto wa jicho, ama niendelee kutia asali?" Kifaa hicho, kiwe kile kidogo cha mkononi kitumiacho nguvu za jua au kiwe lenzi iliyopachikwa juu ya kamera ya simu, hakijapata kuwa na kazi ya kuponya tangu Hermann von Helmholtz alipobuni asili yake mwaka 1851; hupeleka nuru ndani ya mboni kikapokea ile irudiyo kutoka kwenye retina, na tabibu aonapo kivuli cheusi katikati ya wekundu angavu hutambua kwamba njia ya nuru imeziba.

Na asali? Lenzi imo ndani ya mfuko wake nyuma ya mboni, mbele yake pana maji ya jicho na konea, na maradhi yenyewe ni protini za lenzi zilizogandamana zikawa nyeupe mfano wa ute wa yai lililochemshwa. Na ute uliokwisha kuiva haurejei kuwa maji kwa kupakwa asali juu ya ganda. Hoja ya kwamba jirani alitia akaona ni dhaifu, kwa sababu maradhi haya huenda polepole, na mtu aliyepata nafuu ya ukavu wa macho huihesabu kuwa ndiyo tiba. Wengine hutia mkojo au maji ya majani yaliyopondwa, wakatufikia konea imekwisha kuliwa na kidonda, na kovu lake hubaki. Hapo aliyekuwa na upofu wa kuondoka kwa upasuaji amejiongezea upofu mwingine ulio mgumu zaidi kuutibu. Wauzao vichupa hivyo nawalaumu bila ya kificho: huchukua kwanza nauli ya hospitali, kisha wakachukua na jicho.

Basi fanyeni haya. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa kutoa lenzi iliyochafuka na kutia ya bandia, kazi aliyoianza Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Mwenye kisukari apigwe picha ya retina kila mwaka, ijapokuwa aona vyema. Mwenye mzazi au ndugu aliyepofushwa na presha ya macho apimwe kabla ya dalili. Walimu waweza kupima macho ya wanafunzi kwa simu, kama ilivyofanyika Trans Nzoia, Kenya, ambako wazazi waliokumbushwa kwa ujumbe wa simu waliwafikisha watoto hospitali kwa wingi zaidi. Mtoto mdogo anayeonekana na weupe ndani ya mboni, hata kama ni kwenye picha ya sikukuu tu, apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa huenda ikawa saratani ya jicho, nayo ikiwahiwa hutibika.