Magofu Yetu Yako Wapi?

Jioni moja, nyumbani Mumosho, mwanetu alifunga daftari lake la historia akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake tayari. Shuleni walikuwa wamesoma habari za Wagiriki wa kale. Mwalimu aliwaambia ya kwamba mtu akiondoka Athens asubuhi kwa gari, baada ya mwendo wa saa mbili hivi amefika Epidauros. Hapo huketi katika ukumbi usio na paa, uliojengwa kwa mawe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wenye nafasi ya watu wapatao 14,000. Kisha huingia jumba dogo la makumbusho lililo papo hapo, akatazama vitu vilivyochimbuliwa, na usiku amekwisha rudi kulala kwake.

“Na sisi, baba,” akasema, “magofu yetu yako wapi?”

Swali halikuwa la kipuuzi. Wazee wa milima hii inayoukabili mto Ruzizi hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti, mianzi na nyasi, na nyumba ya namna hiyo ikiachwa, mvua na mchwa huimaliza kabla mjukuu hajaota ndevu. Pengine vitukuu wetu wataliita gofu lile bwawa la umeme la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini tusiliombee hayo. Taa zetu zatutosha kwa kuzimika zimikavyo sasa.

Basi tukakata shauri kumwonyesha mtoto kilichopo. Tulifikiri kwanza kuvuka mpaka hadi Huye, penye jumba kubwa la makumbusho la Rwanda, lililofunguliwa nalo mwaka 1989. Lakini njia ya kupita msitu wa Nyungwe ni ndefu, si safari ya kutwa kwa watu wasio na gari. Tukachagua Bukavu, kwenye makumbusho ya Kivu ya Wamisionari Waksaveri, ambao walianza kazi Kongo mwaka 1958. Siku hizo vita vilikuwa havijaingia mjini. Viliingia mwezi wa Februari, 2025. Tulikwenda na watoto, mama yao, na mama yetu mzee, aliyenung'unika njia nzima ya kwamba yeye hana haja ya kupanda gari ili akatazame vyungu.

Humo ndani mtoto alisahau Wagiriki. Alisimama mbele ya vitu vya Warega: vinyago vya mti na vya pembe, vingine vidogo kama kiganja cha mkono, vilivyong'aa kwa kupakwa mafuta na kushikwashikwa miaka mingi. Alidhani vilivaliwa usoni. Kumbe sivyo siku zote. Katika chama chao cha Bwami kinyago kidogo kama hicho huweza kushikwa mkononi, kufungwa mkononi, au kutundikwa uani, na kila namna ya kukitumia ina methali yake. Iko pia kamba ya Warega ambayo juu yake hutungikwa vitu vidogo vidogo, ganda, manyoya, kipande cha mti, na kila kimoja ni ukumbusho wa methali moja. Mzee aliyeizoea huisoma kwa vidole kama vile sisi tusomavyo kitabu. Mama wa watoto alipendezwa zaidi aliposikia ya kuwa mume hawezi kufika ngazi za juu za Bwami peke yake; sharti mkewe apande pamoja naye.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho. Tuseme kweli, nasi Wakristo hatukuwa nyuma: zipo nyumba nyingi zilizoambiwa kwamba vitu vya namna hiyo ni vya kuchomwa moto, wala hakuna aliyeuliza kwanza vilifundisha nini. Vingine havikuchomwa, vilisafiri. Wagiriki nao wanalia juu ya sanamu za hekalu la Parthenon, zilizomo katika makumbusho ya London tangu mwaka 1816. Sisi, mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya ziwa Edward na Jean de Heinzelin, wenye mistari iliyochongwa yapata miaka 20,000 iliyopita, umewekwa Brussels. Mwaka 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, akakikabidhi kama mkopo usio na mwisho. Ukopeshwe kilichotoka kwenu! Hata hivyo kimefika.

Katika chumba kingine palikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa. Karatasi iliyobandikwa chini yake ilikuwa na maneno machache tu. Mama yetu mzee, aliyekuwa amenyamaza tangu mlangoni, akaanza kucheka. Aliketi sakafuni mbele ya watu, akakunja magoti, akatikisa mikono mitupu mbele na nyuma. Akatueleza jinsi sauti ya maziwa inavyobadilika siagi inapokaribia kushikana, na jinsi wasichana walivyopakwa siagi hiyo mwilini siku za sherehe. Mtunza makumbusho aliacha kazi yake, akaja kusikiliza. Sisi wenyewe, tuliokaa naye nyumba moja miaka hii yote, hatukuwahi kuyasikia hayo, kwa kuwa hatukuwahi kumwuliza.

Tuliporudi kupitia Panzi tulimkumbuka jirani mmoja aliyeuza kiti cha babu yake kwa mchuuzi mpita njia, akapata bei ya unga wa siku chache. Hatukumlaumu sana, watoto walikuwa na njaa. Lakini leo hakuna nyumbani kwake awezaye kusema babu alikalia kiti hicho katika shauri gani.

Kwetu kibuyu kilikuwapo, nyuma ya jiko, kimetiwa mbegu za maharage. Asubuhi ya pili tulimkuta mwanetu ameketi chini ya mgomba kando ya nyanya yake, kibuyu magotini. Maziwa hayakuwapo, walikuwa wametia maji.

“Unatikisa kama mtu afuaye nguo,” mama yetu alikuwa akimwambia. “Polepole, mjukuu wangu. Tega sikio.”