Sanduku la Kufuli Tatu

Sanduku lenyewe halina makuu: la chuma, dogo, mtu mmoja analibeba kichwani. La ajabu ni kufuli zake tatu. Mwanamke anayelala nalo ndani hana hata ufunguo mmoja. Funguo wanazo wenzake watatu, kila mmoja kwake, na shilingi haitoki mpaka wote watatu wafike na kikundi kizima kiwe kimekaa mkekani kinatazama.

Hicho ndicho kikoba, na kwa wanawake wengi wa Tanzania ndicho kimbilio la kwanza mambo yanapoharibika: mvua ikigoma, mume akipunguzwa kazini, bei ya mafuta ya kula ikipanda wiki ileile mtoto anapotakiwa apelekwe hospitali.

Kabla yake kulikuwa na upatu, ambao wengi huuita mchezo, na bado upo. Wanawake kumi wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja, kila wiki mmoja wao anaondoka na 200,000. Utaratibu ni mwepesi, hauhitaji daftari. Kasoro yake ni zamu, kwa sababu homa haingojei mama apokee ndipo iingie nyumbani.

Kasoro hiyo ilitafutiwa dawa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Shirika la CARE lilianzia kwenye michezo ambayo wanawake wa huko walikuwa wakiicheza wenyewe, likaiongezea hisa na mkopo. Vikundi vile viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Kutoka huko utaratibu ulisambaa nchi nyingi za Afrika. Ulipofika Tanzania ukapata jina la VICOBA, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Waswahili walilipokea jina hilo kwa namna yao: wakasikia ndani yake mkoba mdogo, wakaanza kusema kikoba kimoja, vikoba viwili.

Uendeshaji hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini mifupa ni ileile. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano. Katika vikundi vingi kila hisa hugongewa muhuri kwenye kitabu chake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri na kujua alichonacho. Baada ya wiki kadhaa mikopo huanza, na mara nyingi mtu huruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Riba anayolipa haiendi kwa mtu baki, inabaki sandukuni. Mwaka ukitimia kikoba huvunjwa, kila mmoja akapata gawio kulingana na hisa zake, kisha wanaanza upya. Wengi huipanga siku hiyo iangukie wakati wa ada na sare za shule, au msimu wa kununua mbegu.

Pembeni kuna mfuko wa jamii. Huu una mchango wake mdogo wa kila mkutano, na kazi yake ni msiba, ugonjwa na uzazi. Aliyefiwa haandiki barua ya maombi. Kiwango kilishakubaliwa siku ya kutunga katiba, anapelekewa.

Nje ya kikoba mambo ni mengine. Mwenye kibanda cha mboga hana hati ya nyumba ya kuweka benki, na akibanwa sana huangukia mikopo ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu: marejesho kila siku, dhamana ni kochi na televisheni, na akichelewa wanakuja kubeba. Ipo pia mikopo ya halmashauri, itokayo kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Lakini Aprili 2023 Serikali iliisitisha ili kupanga upya utaratibu, ikarejea mwaka uliofuata. Mwenye hisa zake sandukuni hakuhitaji kusubiri.

Hata hivyo, sanduku lina mipaka. Watafiti waliovifuatilia vikundi vya aina hii Ghana, Malawi na Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliona akiba na mikopo ikiongezeka, biashara za nyumbani zikiboreka na wanawake wakipata sauti zaidi katika maamuzi ya nyumba. Lakini matumizi ya kaya, kwa wastani, hayakupanda. Pia wapo wanaokopa wakakimbia, wapo wanaotumwa na waume zao kukopa fedha wasizozigusa, na maskini kabisa mara nyingi hajiungi, kwa kuogopa kuaibika siku atakayokosa hata hisa moja.

Je, wasichana, ambao hawana hata hiyo shilingi ya hisa, mambo yakiharibika wakimbilie wapi? Jibu moja lilipatikana Sierra Leone bila mtu kulipanga. Shirika la BRAC lilikuwa limefungua klabu za wasichana vijijini, chini ya uongozi wa wanawake vijana wa palepale kijijini, ndipo mwaka 2014 Ebola ikaingia. Shule zilifungwa hadi Aprili 2015. Zilipofunguliwa, katika maeneo yaliyovurugwa zaidi na ugonjwa, vijiji visivyo na klabu vilikuta wasichana wengi hawakurudi darasani, baadhi yao wakiwa wamepata mimba. Uandikishaji wao ulikuwa umeshuka kwa alama 16 za asilimia. Penye klabu, anguko hilo lilipungua sana. Klabu zilikuwa zimewapa wasichana mahali pa kukutana na dada mkubwa wa kumwuliza, wakati ambapo mwalimu hayupo.

Tanzania nayo ina dada wakubwa wa aina hiyo, na chanzo chao ni Zimbabwe. Huko, mwaka 1998, wasichana waliosomeshwa kwa msaada wa shirika la CAMFED waliunda umoja wao ili wawashike mkono walio nyuma yao. Shirika hilo lilianza kazi Tanzania mwaka 2005, na leo wahitimu wa sekondari hurudi shule za maeneo yao kama walezi wa kujitolea: wanafundisha stadi za maisha, na mwanafunzi akitoweka darasani wanakwenda kwao kuuliza kulikoni. Mlezi anaweza kupata mkopo wa kuanzisha biashara usio na riba ya fedha. Riba yake ni kazi hiyo anayoifanya shuleni.

Mkekani, nako, mkutano una namna yake ya kumalizika. Fedha zikishahesabiwa mbele ya macho yote, mwenyekiti hutangaza salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii, na wanachama hutakiwa kuyashika kichwani. Kufuli zinafungwa moja baada ya nyingine, wenye funguo wanatawanyika. Wiki ijayo, kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti atauliza tuliacha kiasi gani, na anayejibu anaweza kuwa bibi ambaye hajawahi kuingia darasani.