Kiongozi Asikilize Kabla ya Kuamua

Wakazi wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, wanaufahamu mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa wilayani imeupa mamlaka ya juu kijijini, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Lakini kiongozi anayeingia mkutanoni na uamuzi aliokwisha kuukata huwaita watu kupiga makofi, si kufikiri.

Mkoa wa Dodoma umelionja hilo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Uoto ulirejea, hatukatai. Bali mifugo ilihamishiwa kwingine, na mzigo ukawaangukia majirani. Baadaye ndipo ulipoingizwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bandani. Je, wafugaji wangeulizwa mapema, wasingebuni njia?

Katika Vita vya Handaki, Mtume (s.a.w.) alilikubali shauri la Salman, mgeni kutoka Uajemi, na Madina ikasalimika.

Basi tuanzie majumbani. Mtoto anayenyamazishwa leo barazani, kesho atanyamaza mkutanoni.