MAMA ANAYECHUNGA FUNGUO ZA KIJIJI

Wengi kati yetu tunafikiri kwamba Mputu ni miji mikubwa tu: magorofa, taa usiku kucha, watu wanaokimbia kwenda kazini. Mimi pia nilifikiri vile. Lakini mwezi wa nne wa mwaka uliopita nililala siku sita katika kijiji cha wakulima huko Hispania, na mambo niliyoyaona yamenifuata mpaka hapa Kolwezi. Nataka kuyaeleza kwa jamaa zote, zaidi kwa vijana.

Mdogo wangu ni padri. Askofu wake alimtuma kusaidia kazi kule, kwa sababu mapadri wa vijiji vile wamekuwa wazee na wachache. Waafrika na watu wa Amerika ya Kusini wengi wanafanya kazi hiyo leo. Yeye peke yake anatumikia vijiji kumi na vinne katika jimbo la Soria, kaskazini-mashariki ya Madrid. Jumapili anasoma misa tatu ao ine, na katikati anaendesha motokari sawa dereva wa kamyo.

Toka Madrid mpaka mji wa Soria ni kilometa karibu 230. Kiisha tuliacha njia kubwa. Tukapita mashamba ya ngano na shayiri, majani mabichi mpaka mwisho wa macho, lakini hakuna mtu ndani yake. Trakteri moja tu, mbali sana. Mwishoni tukaona mnara wa kanisa, nyumba za mawe, na ndege mkubwa mweupe, korongo, juu ya kiota chake karibu na kengele.

– Yaya, tumefika.

– Tumefika wapi? Mbona hakuna batu?

– Batu beko. Ngoya kidogo, utabaona.

KIMYA INAYOSIKIKA

Niliwaona kesho yake, saa tano ya asubuhi. Motokari ndogo ya mkate iliingia ikapiga honi. Hapo milango ikafunguka mmoja mmoja. Wazee walitoka na mifuko yao ya kitambaa, wakasimama katika baridi wakisalimiana. Nikawahesabu: watu tisa. Wakati wa baridi, kijiji kizima kina watu kumi na mmoja. Jina lake siliandiki, kwa sababu mahali pa watu kumi na mmoja kila mtu angetambulika.

Duka hakuna. Mkate unakuja na motokari, samaki vilevile, siku yake. Munganga anapita siku moja kwa juma katika chumba kidogo cha serikali. Mtu akiugua usiku, lupitalo iko mbali, na wakati wa theluji njia inakuwa mbaya. Basi, ndugu msomaji, usifikiri ya kama kimya ile ni raha tu. Mimi siku ya kwanza niliifurahia sana. Nilisikia maji ya kisima, kengele za kondoo na mabawa ya korongo. Siku ya tatu nilianza kujiuliza: sauti za watoto ziko wapi?

Jirani yetu alikuwa mama mzee wa miaka themanini na tano. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye nyumba ya masomo. Mlango umefungwa. Kupitia dirisha niliona ubao mweusi ungali ukutani. Akasema, na mdogo wangu akatafsiri: "Mimi nilisoma hapa. Tulikuwa zaidi ya watoto arobaini. Kwenye benchi moja tulikaa watatu, tukisukumana."

WALIKWENDA WAPI?

Walifuata kazi, sawasawa na sisi. Kwa miaka mingi watu wa Soria waliishi kwa kondoo wa manyoya mazuri na kwa ngano. Wachungaji walitembeza makundi yao mamia ya kilometa kwenda kusini kutafuta majani wakati wa baridi. Kiisha, katika miaka ya 1950 na ya 1960, viwanda vya Madrid, Barcelona, Bilbao na Zaragoza viliita vijana. Wakati uleule matrakteri yalifika mashambani. Kazi iliyotaka wanaume kumi na nyumbu wao, mtu mmoja aliweza kuimaliza na masini. Katika milima kadhaa serikali ilinunua mashamba na kupanda miti ya misonobari. Na katika miaka ya 1970 watoto wa vijiji vidogo wakakusanywa katika masomo ya miji. Mtoto akiondoka, mama yake naye anafunga mizigo.

Tazama hesabu. Jimbo la Soria lina kilometa za mraba zaidi ya 10,000. Mwaka wa 1950 lilikuwa na watu zaidi ya 160,000. Leo wamebaki karibu 90,000, na karibu 40,000 kati yao wanakaa katika mji wa Soria peke yake. Ni watu tisa hivi kwa kilometa moja ya mraba, katika nchi ambayo jimbo la Madrid tu lina watu karibu milioni saba.

Tarehe 31 ya mwezi wa tatu 2019, makumi ya maelfu ya watu wa vijijini walikwenda Madrid kuandamana. Waliomba munganga, njia, treni na intaneti. Walisema kwamba nchi yao haikuwa tupu kwa asili, ilitolewa watu.

FUNGUO KUMI NA MOJA

Siku ya ine jua liliwaka. Mama mzee akagonga kwetu na kamba shingoni. Kwenye kamba kulikuwa funguo kumi na moja, nyingine kubwa kama mkono wa mtoto. Akaniambia: "Twende, leo hewa ni kavu."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Anafungua mlango, anafungua madirisha, anatazama dari kama maji yameingia. Kiisha anakaa kidogo kwenye kiti na kunitajia wenyewe: "Hawa walikwenda Zaragoza. Huyu alikwenda Barcelona, alikuwa na sauti nzuri sana. Hawa walisema wataenda mwaka mmoja tu." Nikauliza ni mwaka gani walisema vile. Akajibu: "Mwaka wa 1964."

Nilimwuliza juu ya nini anajichosha hivi, na yeye ana magoti mabaya. Akanieleza kwa uzuri. Nyumba zile zina boriti za mbao na kuta za mawe na udongo. Kigae kimoja kikivunjika, theluji inaingia. Boriti inaoza, paa inaanguka, na mvua inayeyusha ukuta. Katika miaka michache nyumba ya mababu inakuwa rundo la mawe. "Mwezi wa nane watoto wao wanarudi kwa sikukuu," akasema. "Wakikuta paa, wanalala. Wakikuta mawe, wanapiga picha na wanaenda zao."

Nimeandika maneno hayo katika kitabu changu siku ileile.

Jumapili asubuhi mzee mmoja alivuta kamba ya kengele kwa mikono. Zamani kengele ilisema mengi: moto, kifo, hatari ya mvua ya mawe, mwito wa kazi ya wote. Mwaka wa 2022 UNESCO iliandika upigaji wa kengele kwa mikono wa Hispania kati ya urithi wa watu wote. Lakini urithi ule unataka mtu wa kuvuta kamba. Mzee yule ana miaka sabini na tisa, na ndiye kijana wa kanisa.

SALONGO YA SARNAGO

Mbele ya kurudi, mdogo wangu alinipeleka Sarnago, kijiji cha milimani katika jimbo lile lile. Mtu wake wa mwisho aliondoka mwaka wa 1979. Ungesema ndiyo mwisho. Lakini mwaka wa 1980 wana wa Sarnago waliotawanyika katika miji waliunda chama chao. Toka wakati ule wanarudi mwezi wa nane kufanya kazi pamoja. Kazi hiyo inaitwa hacendera. Ni desturi ya zamani: kila nyumba inatoa mtu na chombo chake, na wote wanatengeneza njia, mfereji ao ukuta bila malipo. Nilipoelezwa nilicheka, nikamwambia mdogo wangu: "Lakini hiyo ni salongo!" Tofauti ni kwamba salongo sisi tuliamriwa na wakubwa, wao wanajiamrisha wenyewe.

Leo nyumba kadhaa zimesimama tena. Vyombo vya zamani vya mababu vimewekwa mahali pamoja ili watoto wavione. Katika sikukuu yao wasichana watatu wanabeba vikapu kichwani, kama wazazi wao walivyofanya. Hawajarudisha kijiji kizima. Wakati wa baridi kimya inashika tena. Lakini paa ziko.

SWALI LILILONISHINDA

Jioni ya mwisho mama mzee alinipa supu ya kitunguu saumu na mkate, kiisha akaniuliza: "Na kijiji cha baba yako, ni nani anachunga ufunguo?"

Wapenzi, nilikosa jibu. Baba alitoka upande wa Sandoa mwaka wa 1956 kufuata kazi ya mukuba. Alisema ataenda miaka miwili. Alizikwa hapa Kolwezi. Mimi nilifika kijijini kwake mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka tisa, na watoto wangu hawajakifika hata siku moja. Sisi tuliozaliwa katika kambi za wafanyakazi tunataja kijiji tukiulizwa asili yetu, basi. Na siku mgodi unapopunguza watu, tunashangaa kwamba hatuna mahali pa kurudi.

Nilipofika nyumbani nilitafuta namba ya baba mdogo. Nikamwuliza habari ya nyumba ya baba. Akanyamaza kidogo, kiisha akasema: "Nyumba ilianguka zamani, mwanangu. Lakini muti ya maembe iko. Mukuje."

Kipwa kilichofuata nilipanda kamyo na vijana wangu wawili. Siku za kwanza walinung'unika: hakuna umeme, hakuna mupira wa televizyo. Juma la pili walifyatua matofali na watoto wa baba mdogo, tukasafisha makaburi ya wakubwa, tukapalilia shamba la mihogo. Hatukujenga nyumba, matofali mia tatu si nyumba. Tuliyafunika na majani ili mvua isiyale. Mkubwa aliniuliza njiani: "Mama, mwaka kesho tutaongeza ngapi?"

KWA MAZUNGUMZO YA JAMAA

1. Wazee wetu walitoka kijiji gani, mwaka gani, na ni kazi gani iliyowaita? Watoto wanajua?

2. Ni nani amebaki kule, na mara ya mwisho tulimsalimu lini?

3. Sisi tunaokaa mjini tunaweza kufanya salongo gani kwa ajili ya kijiji chetu, hata mara moja kwa mwaka?