Upande wetu wa mashariki unapiga kura namna gani?



Tunasikia mara nyingi kwamba watu wa mashariki ya Kongo wanachagua kwa kufuata ukoo na lugha tu. Mtoto wa kwetu akisimama, tunampa kura, mambo yameisha. Neno hilo linasemwa sokoni na hata ndani ya nyumba zetu. Lakini tukiangalia kura zilizopigwa tangu 2006, tunaona mambo mengine.

Mwaka ule wa 2006, duru ya pili ilifanyika tarehe 29 mwezi wa kumi. Joseph Kabila alipata 58 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 42. Inchi iligawanyika sehemu mbili. Kinshasa na Ekwateri, kwenye Kilingala, wengi walimpa Bemba. Huku kwenye Kiswahili wengi walimpa Kabila, na Kivu ya Kusini ilimpa zaidi ya 90 kwa mia. Lugha ilisaidia, ndiyo. Lakini kwa ukoo wa baba yake, Kabila hakuwa mtu wa Kivu. Watu waliokuwa wamekimbilia porini na watoto mgongoni walitaka vita iishe, na walimwona yeye kuwa mtu wa kuleta amani.

Mwaka 2011 kura hizo hazikubaki pamoja. Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu, ndiye aliyeongoza kampeni ya Kabila mwaka 2006. Mwaka 2009 aliacha kiti cha mkuu wa Bunge, baada ya kulalamika kwamba majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu bila Bunge kujulishwa. Aliposimama mwenyewe, wengi wa Kivu ya Kusini walimfuata, lakini wengi pia walibaki na Kabila. Katika inchi nzima Kamerhe alipata karibu 8 kwa mia tu. Amani iliyongojewa haikuwa imefika vijijini, na kura zilionyesha hivyo.

Kwa kura ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, watu wa Beni na Butembo waliambiwa wangoje mpaka mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mbaya. Walipofikiwa, rais mpya alikuwa amekwisha kuapishwa. Siku ile ya Desemba, watu wa Beni walipanga mistari na kufanya kura yao wenyewe, wakijua haitahesabiwa. Watu wa namna hiyo hatuwezi kusema hawajali siasa.

Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura, kwa sababu ya vita. Katika inchi nzima, wasiofika nusu ya walioandikishwa ndio waliochagua. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu, aliyehudumia wamama wengi na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, alisimama kuwa rais. Hakufikisha hata 1 kwa mia. Basi, kama tungekuwa tunafuata mtoto wa kwetu tu, hesabu hiyo ingetoka wapi?

Kwa kiti cha rais, swali kubwa la huku kwetu limekuwa moja: nani atatuletea amani? Tunampa mtu, tunangoja, na tukichoka tunageukia mwingine au tunabaki nyumbani.

Kwa depite na mshauri wa komini, mambo ni tofauti. Hapo ndipo ukoo, kanisa, kitenge, chumvi na sabuni vinapofanya kazi. Kampeni ya depite wa taifa inachukua mwezi mmoja, na ni mwezi huo tunaoonekana kuwa watu wa maana. Sabuni inaisha kwa juma mbili. Depite anakaa miaka mitano. Yeye ndiye anayepaswa kuuliza Bungeni juu ya barabara, mshahara wa walimu na usalama wetu tukienda shambani. Washauri wa komini walichaguliwa mwaka 2023, katika komini chache. Hao wako karibu na kodi ya soko na usafi wa mtaa kuliko mtu mwingine yeyote, na ni wao tusiowauliza kitu.

Tukumbuke pia njia tuliyotoka. Mwaka 1960 wanaume walichagua Bunge la uhuru. Bibi zetu hawakuruhusiwa. Haki yetu ilifika mwaka 1967. Leo bado kuna nyumba ambamo baba anamwambia mama namba ya kuweka alama. Katiba yetu, kwenye kifungu cha 5, inasema kura ni siri. Ndani ya kile chumba kidogo hakuna bwana, hakuna mchungaji, hakuna mkubwa wa ukoo. Mama anaweza kuheshimu nyumba yake na bado kuchagua mwenyewe.

Shirika letu halina chama, na halitamwambia mama yeyote amchague nani. Ila tunaomba kila kikundi, siku ya likelemba, kiongee juu ya maswali haya matatu:

1. Depite wa kwetu alifanya nini tangu achaguliwe? Tutaje kitu kinachoonekana.
2. Akija kuomba kura tena, tutamuuliza nini mbele ya watu wote?
3. Karte yangu ya uchaguzi iko wapi? Nani anaishika, mimi ao bwana?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe kwenye daftari ya kikundi pamoja na tarehe. Kampeni ikianza, tulifungue.