Dende Mgonjwa: Namna ya Kumjua na Kumsaidia

Katika Kivu ya Kusini nyumba nyingi zina dende jikoni. Mama anawatupia maganda ya viazi, watoto wanawakatia majani. Wakati wa vita zilizoanza mwaka 1996 watu wengi walinyang'anywa ng'ombe na mbuzi. Lakini dende anafichika upesi, tena unaweza kumkimbiza ndani ya kikapu. Kwa hiyo usimdharau, wala usiseme ni kazi ya watoto tu. Dende anayeuzwa sokoni ananunua madaftari ya shule.

Sasa sikia neno hili, ewe mfugaji: dende anaficha ugonjwa wake. Yeye ni nyama wa kuwindwa, naye akionyesha udhaifu analiwa. Ukimwona amejikunja pembeni, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa. Basi kila asubuhi unapotia majani, usiende zako mara moja. Simama uangalie. Dende mwenye afya akisikia majani analia na kuja mbio. Yule asiyekuja, mshike. Je, manyoya yake yamelala vizuri ao yamesimama? Pua ni kavu? Macho yanang'aa? Mavi ni magumu, ao yamechafua makalio? Mpapase mgongo: ukisikia mifupa tupu chini ya vidole, amekonda tangu siku nyingi nawe hukuona.

Ugonjwa ninaotaka kuueleza zaidi ni ule wa kiangazi, maana ndio unaodanganya watu. Katika mwezi wa sita, wa saba na wa nane majani mabichi yanapungua. Watu wanawapa dende nyasi kavu na maganda ya maharagwe, nao wanakula, matumbo yanajaa. Zikipita juma mbili ao tatu, dende mmoja anaanza kuchechemea. Viungo vya miguu vinavimba. Ukimshika analia kwa uchungu. Fizi zinatoka damu, meno yanalegea, kidonda kidogo hakiponi. Jike mwenye mimba anaitupa. Hapo mama anawagombeza watoto: mmemkanyaga! Jirani anasema: umerogwa.

Hakuna aliyemkanyaga. Mbuzi na kuku wanajitengenezea vitamini C katika mwili wao. Dende hawezi, kama vile mtu hawezi. Lazima aile kila siku, kwa sababu mwili wake hauiweki akiba ya siku nyingi. Dende wa kilo moja anahitaji karibu miligramu 10 kwa siku, na mwenye mimba hata miligramu 30. Dawa yake iko shambani: lengalenga, majani ya viazi vitamu, kipande cha pera lililoiva. Umpe mabichi, yaliyokatwa siku ile ile. Yaliyopikwa ao kukauka yamepoteza nguvu. Ukianza mapema, baada ya siku chache utamwona anatembea tena. Mwenye akili anapanda viazi vitamu karibu na maji kabla kiangazi hakijafika.

Lakini si kila jani ni chakula. Majani ya avoka ni sumu kwa dende, usimpe hata machache. Majani yenye umande ao mvua uyaanike kwanza yanyauke kidogo, yasije yakavimbisha tumbo. Tena usikose kumpa nyasi ngumu: meno yake hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasugua.

Dende akikataa kula siku nzima, usingoje kesho. Tumbo lake likisimama, anakufa. Saga majani mabichi na maji safi, umtilie kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba lisilo na sindano, mara nyingi mchana na usiku. Usimmiminie kwa nguvu, maana atapaliwa.

Wengine wanakimbilia duka la dawa kununua pensilini ao ampisilini ya watu. Nakusihi, usifanye hivyo! Dawa hizo zinaua vijidudu vyema vinavyosaga chakula tumboni, kisha dende anaharisha na kufa. Mara nyingi ugonjwa ungemwacha, dawa ndiyo iliyomwua.

Upele nao ni mateso makubwa. Dende anajikuna mpaka damu, manyoya yanatoka, pengine anaanguka na kutetemeka. Mtenge na wenziwe, choma nyasi alizolalia, kisha mwite mganga wa nyama. Iko sindano inayoua wadudu hao, lakini inapimwa kwa uzito. Kipimo cha mbuzi kitamwua dende. Nawe unawe mikono, maana wadudu hao wanaweza kukuwasha ngozi.

Anayekohoa na kutoka makamasi, mara nyingi ni moshi na sakafu yenye maji vilivyomdhuru. Mwinue juu ya ubao, mbali kidogo na moto, umtandikie nyasi kavu.

Wakifa wengi kwa ghafula, usile nyama yao wala usiiuze. Ugonjwa huo unaweza kumpata mtu, na watoto kwanza. Uwazike ndani shimoni, fagia mahali pote, tia chokaa. Na dende mpya unayemleta kutoka sokoni, umweke peke yake juma mbili kabla ya kumchanganya na wengine.